Figo hukataliwa kuanzia ukutani mwa mshipa

"Kundi la damu limeoana, sasa tunasubiri nini?" Ndugu wa wagonjwa wanaosubiri kupandikizwa figo huniuliza hivyo, na wana haki ya kuuliza.

Daktari wa upasuaji akishaunga mishipa na kufungua vibano, damu ya mgonjwa huingia kwenye figo mpya papo hapo. Hukutana kwanza na seli zilizotanda ukuta wa ndani wa mishipa. Seli hizo hubeba antijeni, yaani alama ambazo kinga ya mwili huzitambua: zile za ABO, za kundi la damu, na pia za HLA, alama za utambulisho wa tishu, ambazo jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Chembe nyekundu karibu hazina HLA, kwa hiyo kipimo cha kundi la damu hakiwezi kutuonyesha upande huo.

Mgonjwa akiwa tayari ana kingamwili (protini za kinga zinazonasa antijeni ngeni) dhidi ya HLA ya mchangiaji, zitanasa kwenye ukuta huo, zitaamsha komplimenti, kundi la protini za damu zinazoshambulia seli, na damu itaganda humo humo mishipani. Figo huweza kufa mgonjwa akiwa bado yuko mezani.

Ndiyo sababu kabla ya upasuaji tunachanganya seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, na limfosaiti za mchangiaji, chembe nyeupe zinazobeba HLA; kingamwili zikizishambulia, majibu ni chanya. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walionyesha uzito wa kipimo hiki: kati ya wagonjwa 30 waliokuwa na majibu chanya, figo 24 zilishindwa mara moja, kati ya 195 wenye majibu hasi, zilishindwa 8 tu.

Kingamwili hizi hutokana na kuongezewa damu, kupandikizwa kiungo hapo awali, au ujauzito. Mume anayetaka kumpa figo mkewe aliyemzalia watoto namchunguza kwa makini zaidi: huenda mimba zilishaufundisha mwili wa mama kuzitambua antijeni za baba.

Hata hivyo, limfosaiti inausemea mshipa kwa sehemu tu. Ukuta wa mshipa una antijeni nyingine, kama MICA, ambazo limfosaiti iliyotulia haina. Kwa hiyo majibu yakiwa safi na figo ikaanza kulegea baadaye, tunachukua kipande kidogo cha figo hiyo na kutafuta C4d, mabaki ya komplimenti iliyoamshwa, kwenye kapilari, mishipa midogo kabisa.

Ombi langu kwa familia: mgonjwa akiongezewa damu baada ya kupimwa, hata chupa moja, tuambieni. Sampuli ya zamani haitufai tena, tutachukua nyingine.