Trekta la kale: soma chuma, achana na rangi

Trekta la miaka 60 likipuliziwa rangi kwenye gereji za mtaa wa Unga Limited hung'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani. Wanaotaka trekta la kale la kuhifadhi huja kwenye kitengo chetu cha zana za kilimo hapa Arusha na picha kwenye simu: "Mtaalamu, hili ni orijino?" Picha yenyewe ni ya boneti tu.

Tunaloulizwa zaidi ni Massey Ferguson 35. Matrekta ya kwanza ya dizeli ya aina hiyo yalifungwa injini ya kampuni ya Standard yenye silinda 4. Kufikia 1960, kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilikuwa kimehamia injini ya kampuni ya Perkins yenye silinda 3. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hili ni la mwaka 58", usibishane naye. Inua boneti, uhesabu mabomba membamba ya chuma yanayotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye noza; kila silinda ina lake. Yakiwa matatu, ama mwaka si huo, ama injini imebadilishwa. Litalima vizuri tu, pengine vizuri zaidi, maana ile ya silinda 4 ilisifika kwa kugoma kuwaka kwenye baridi; asubuhi ya Julai kule West Kilimanjaro ingekutoa jasho. Ila usililipie bei ya trekta ambalo halijaguswa.

Kuna pia ndugu zake. IMT ya Yugoslavia na TAFE ya India zilitengeneza matrekta ya muundo huohuo kwa leseni. Ni mashine halali kabisa, lakini mojawapo likivalishwa boneti na nembo ya Massey, jicho la kawaida halitambui.

Sasa kibati cha namba, yaani kile cha kiwandani chenye namba ya trekta. Kijana mmoja wa Usa River alituletea kibati alichouziwa pamoja na trekta: maandishi yamefifia, kutu kila kona, ila ribiti zake zinametameta kama zipu mpya. Tulipokirudisha mahali pake, matundu ya zamani yalikuwa pembeni kidogo. Kibati kilitoka kwenye trekta jingine.

Ndiyo maana tunaamini zaidi kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye trekta la Ford 5000, kwa mfano, vipande vikubwa vina alama ya siku vilipomiminwa kwenye kalibu: 5C14 ni tarehe 14 Machi (C ni herufi ya tatu, mwezi wa tatu), mwaka unaoishia na 5. Muongo utaupata kwenye namba ya trekta. Kipande kikiwa na tarehe ya baada ya trekta kuundwa, kiliingizwa baadaye.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, nenda na kitambaa, mafuta ya taa na tochi. Futa grisi taratibu. Ukitumia msasa utazila namba zenyewe. Piga picha namba ya injini na ya chasisi, kisha uzilinganishe na kadi ya usajili na kumbukumbu za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Muuzaji akikuharakisha, mwambie unaenda kunywa chai kwanza.