Mwezi ni mmoja, kwa nini bahari inajaa mara mbili kwa siku?

Nilipokuwa skuli nilikuwa na jibu langu: mwezi unavuta maji upande mmoja wa dunia, jua linavuta upande wa pili, basi bahari inajaa mara mbili. Nilikaa nalo miaka mingi, na mpaka leo nalisikia kwa wanafunzi. Ukilipeleka pwani, linavunjika.

Mwezi unapoandama, jua na mwezi huwa upande mmoja wa dunia. Kwa jibu lile, siku hizo bahari ingejaa mara moja tu. Nenda Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, uone: maji yanajaa mara mbili kama kawaida, tena ndiyo siku za bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa sana. Yanatoka mbali kabisa, kina mama wanaolima mwani wanakwenda kwa miguu mpaka kwenye vijiti vyao kufunga kamba, na baada ya saa sita hivi vijiti vyote vimezama. Mwezi mpevu, jua likiwa huku na mwezi kule, ni bamvua vilevile. Mvuvi anayehesabu tarehe za mwezi ana ushahidi wote mkononi.

Ukweli ni kwamba mwezi peke yake unaleta kujaa kote kuwili. Chukua ngarawa tatu zilizofuatana, zote zinavutwa upande mmoja. Ya mbele inavutwa zaidi, ya kati kiasi, ya nyuma kidogo. Aliye ngarawa ya kati akitazama mbele, mwenzake anamtoka. Akigeuka nyuma, mwenzake anaachwa. Kwake yeye wote wawili wanakwenda mbali naye, na hakuna aliyevutwa kurudi nyuma. Ngarawa ya kati ni dunia yenyewe. Ya mbele ni maji yaliyoelekea mwezi, ya nyuma ni maji ya upande wa pili. Mvuto wa mwezi upande wa karibu unauzidi wa upande wa mbali kwa kama asilimia 7, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya kazi yote.

Jua linaivuta dunia karibu mara 180 kuliko mwezi. Lakini liko kilomita milioni 150, kwa hiyo ngarawa zote tatu linazivuta karibu sawasawa, na mchango wake haufiki nusu ya ule wa mwezi.

Tahadhari moja: mfano huu unaeleza nguvu tu. Mabara na vina vya bahari huyageuza maji yanavyokwenda, hata sehemu za Ghuba ya Meksiko hujaa mara moja kwa siku. Unguja hujaa mara mbili, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4.

Na kwa kuwa mwezi nao unasogea dunia ikizunguka, maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Mama wa mwani aliyeshuka pwani leo saa 4 asubuhi, kesho atashuka karibu na saa 5.