Ukipiga Mbizi Matema, Usipande Mbeya Siku Hiyohiyo

Wapo wanaotoka Mbeya Jumamosi alfajiri na mitungi ya hewa na kamera, wanazama Ziwa Nyasa pale Matema, na jioni wanageuza gari kurudi mjini. Ratiba hiyo ni ya hatari.

Ukiwa mita 10 chini ya maji, mgandamizo ni takriban mara mbili ya ule wa juu. Naitrojeni iliyomo kwenye hewa unayovuta huyeyuka ndani ya damu na misuli, na ukishatoka majini inachukua saa nyingi kwisha mwilini. Mgandamizo ukishuka haraka, naitrojeni hiyo hufanya kama soda iliyofunguliwa ghafla: mapovu ndani ya mwili.

Sasa tazama barabara yetu. Uso wa ziwa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu ni kama mita 1,500, na kabla ya kushuka Uyole unavuka zaidi ya mita 2,000. Kadiri unavyopanda mgandamizo hushuka, hivyo kwa mwili wako hiyo ni sawa na kupanda ndege. Wataalamu wa tiba ya mbizi wanashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 ukizama zaidi ya mara moja, kabla ya kwenda juu ya mita 600. Kwa hiyo lala Matema, uondoke kesho yake mchana. Hata majedwali ya mbizi ya baharini, yanayoonyesha muda wa kukaa kila kina, hayafai hapa bila marekebisho, kwa kuwa ziwa liko zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari.

Muda huo si wa kupotea. Upande wa mashariki, Milima ya Livingstone inapoingia ziwani, miamba imejaa mbuna, samaki wadogo wa rangi wanaoishi miambani. Ukiona jike kidevu kimevimba na hali chochote, amebeba mayai au vifaranga mdomoni. Hukaa hivyo kama wiki tatu. Mpige picha kwa mbali kidogo, usimfukuze, maana akishtuka anaweza kuwatema. Weka taa pembeni ya kamera, si juu ya lenzi, la sivyo kila chembe ya tope itang'aa. Masika mito ya Mbaka na Lufilyo huchafua maji. Kiangazi ndiyo nafuu. Midomo ya mito iacheni kabisa, kuna mamba.

Nguzo za gati la Itungi au Kiwira nazo huvuta samaki kwa kivuli na mwani wake, lakini usizame bila kibali cha bandari na bila kisu cha kukatia nyavu.

Mwenzako akilalamika bega au goti linauma, ganzi, au kizunguzungu baada ya mbizi, mlaze chali, mpe oksijeni tupu, mpeleke hospitali ya Matema au Kyela, huku chini. Waelezeni madaktari kwamba alipiga mbizi, kina gani, na saa ngapi alitoka majini. Msimpandishe Mbeya kwa gari kabla daktari hajaamua.