Boomer na wajukuu zao: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: kila mzee ni Boomer.

Boomer ni Mmarekani aliyezaliwa kati ya 1946, vita vikuu vya pili vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha, na 1964. Walizaliwa watoto wapatao milioni 76 katika kipindi hicho, na wimbi hilo la uzazi (baby boom) ndilo lililowapa jina. Bill Clinton, George W. Bush na Donald Trump wote ni wa 1946, lakini Joe Biden, wa 1942, hayumo. Siku hizi nawasikia vijana wa Nairobi na Dar wakimwita baba yao boomer, na jina halimkai. Aliyezaliwa kwetu mwaka 1955 alizaliwa chini ya mkoloni. Na wimbi la watoto nchini Kenya lilifika kileleni miaka ya 1970, wastani ukikaribia watoto wanane kwa kila mama. Historia ya wazee wetu ni nyingine kabisa.

Dhana: walikuta kila kitu kimeandaliwa mezani.

Hapa vijana wa Marekani wana hoja, na sitaki kuipunguza. Sensa ya 1970 iliweka thamani ya nyumba ya kati (nusu ya nyumba ziko juu yake, nusu chini) kuwa dola 17,000, wakati familia ya kati ilipata karibu dola 9,900 kwa mwaka. Kipato cha miaka miwili kilitosha bei ya nyumba. Miaka ya karibuni nyumba kama hiyo inauzwa zaidi ya dola 400,000, yaani kama miaka minne ya kipato. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu nacho kimekwama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Kijana akilalamika, anasema kweli.

Kosa ni kuwatia wote kapu moja. Ruby Bridges, wa 1954, ni Boomer. Mwaka 1960, akiwa na miaka sita, alisindikizwa na maofisa wa serikali kuingia shule ya wazungu New Orleans. Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilikuja 1968, weusi wengi wakiwa wameshafungiwa nje ya mitaa yenye neema. Mpaka 1974 benki iliweza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu tu ni mwanamke. Na waliokopa nyumba Oktoba 1981 walikutana na riba iliyopita asilimia 18.

Dhana: teknolojia imewapita.

Steve Jobs wa Apple na Bill Gates wa Microsoft ni Boomer wa 1955, mwaka ule ule aliozaliwa Tim Berners-Lee, Mwingereza wa rika lao aliyebuni wavuti.

Dhana: wanakula pensheni ya vijana.

Ni kweli kwamba makato ya wanaofanya kazi leo ndiyo yanayowalipa wastaafu wa leo. Lakini nao walikatwa hivyo hivyo ujana wao wote, wakiwalipa wazazi wao. Tena sheria ya 1983 ilisogeza umri wa malipo kamili hadi miaka 67 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, kwa hiyo Boomer wa mwisho wamo kwenye mkazo huo huo.

Dhana: vizazi hivi ni maadui.

Mwaka 2019 mbunge wa New Zealand, Chlöe Swarbrick, akiwa na miaka 25, alikatizwa akizungumzia tabianchi, akajibu "OK boomer", kauli ya kijana kumpuuza mzee, na dunia nzima ikaidaka. Wachache walikumbuka kwamba Siku ya Dunia ya kwanza, ya kutetea mazingira, Aprili 22, 1970, iliwatoa nje Wamarekani kama milioni 20, na wanafunzi wengi waliojitokeza walikuwa hao hao Boomer. Na leo zaidi ya mabibi na mababu milioni 2 Marekani ndio wanaobeba jukumu la kuwalea wajukuu.

Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee huko. Babu mmoja nilikuwa nikimwogesha asubuhi, na mjukuu wake alikuwa akiishi chumba cha chini kwa kushindwa kodi ya nyumba. Siku moja kijana alileta taulo akatukuta tunazungumzia usiku wa Desemba 1, 1969, vidonge 366 vya plastiki ya buluu vilipochotwa kimoja kimoja, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa ndani, kuamua nani atangulie kuitwa jeshini, namba ndogo ikitangulia, na vita vya Vietnam vinaendelea. Babu na mdogo wake walikuwa wamekaa mbele ya televisheni.

"Namba yako ilikuwa ngapi, babu?"

"Mia tatu na kumi na moja."

"Na ya mdogo wako?"

Mkono wake, wenye povu la sabuni, ulikuwa bado umeshika wangu.

"Kumi na tisa."

Kijana akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea, taulo magotini.