Kabla ya Kumlipia Punda, Mtazame Miguu

Wanunuzi wengi huanzia mdomoni na kuishia tumboni. Meno hutaja umri, sawa, na tumbo husema alivyolishwa. Lakini kwenye vichochoro vya Lamu, ambako mawe na mchanga hufika kwa mgongo wa punda, kazi yote huishia miguuni.

Mtoe kwanza penye nyasi au mchanga laini. Humo kwato hufichika, na wauzaji wanajua. Msimamishe kwenye sakafu. Simama mbele yake, ushushe mstari kwa macho kutoka ncha ya bega, kama fundi ashushavyo timazi. Mstari huo upasue goti katikati, upite kifundo, kile kiungo cha juu ya ukwato, uangukie katikati ya ukwato. Miguu ya mbele ikague zaidi, maana hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama hata kabla hujamtwika.

Ncha za kwato zikitazama nje, mguu huzungukia ndani na kumgonga mwenzake. Inama utafute kovu au nywele zilizonyofoka upande wa ndani wa kifundo. Sasa mtazame ubavuni. Goti lililobonyea nyuma mimi silinunui kwa bei yoyote: kila hatua mifupa yake midogo hubanana upande wa mbele. Makovu juu ya magoti yote mawili? Huyo hujikwaa, ingawa utaambiwa alianguka siku moja tu.

Wengi hukosea hapa: ukwato uliorefuka huufanya mguu mzima uonekane umepinda. Goti na kifundo vikiwa sawa na kasoro ikaanzia chini yake, yaelekea ni ukwato, na mchongaji hodari atautengeneza kidogo kidogo. Mfupa wa punda aliyekomaa hauchongeki. Wala usimpime kwa jicho la farasi. Ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama zaidi, hiyo si kasoro.

Kisha atembezwe. Kichwa kikipanda kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, huo ndio unaouma. Punda ni msiri wa maumivu, kwa hiyo hata dalili ndogo usiipuuze.

Wa mkokoteni mkague mabega na mapaja. Wa shogi, yaani wa kubeba mzigo mgongoni, mgongo usiwe umebonyea. Na kama hajatimiza miaka 4, hata akiwa na miguu iliyonyooka kama mwanzi, mzigo mzito usubiri: mifupa yake bado inakua.