Mlango wa Pangani si mbao chakavu

Ukivuka kwa kivuko kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, Pangani, mji wa pwani mkoani Tanga, huiona yote kwa mara moja: minazi, mabati yenye kutu, na kuta za mawe ya matumbawe zilizopauka kwa chumvi. Mto wenyewe umeteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, umezungusha mitambo ya umeme njiani, na hapa unaingia baharini taratibu, rangi ya udongo.

Karne ya 19 misafara ilishusha hapa pembe za ndovu kutoka bara, na kandokando ya mto watumwa walilima miwa ya sukari. Utajiri huo ndio uliojenga nyumba hizi, na mgeni anayesifia nakshi aelezwe hilo pia. Bushiri bin Salim naye alikuwa na shamba la miwa. Agosti 1888, Emil von Zelewski wa kampuni ya Wajerumani alipotaka kuushika mji kwa nguvu, watu waligoma, na Bushiri akaongoza vita. Alinyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski aliuawa na Wahehe kule Lugalo, 1891.

Sasa tuje kwenye milango ya nakshi ya nyumba hizi, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mlango wowote wa mbao, au fremu yake, uliochongwa kabla ya 1940. Unaohesabiwa ni mwaka wa kuchongwa. Siku uliyoununua haihusiki, wala umri wa nyumba hauhusiki. Mlango wa 1938 uliofungwa kwenye nyumba ya 1960 bado unalindwa. Kuuza, kubadilishana au kuupeleka nje ya nchi kunahitaji kibali, na kibali hutangulia mauzo. Risiti ya dalali si kibali. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si kibali. "Ni wa babu yangu" pia si kibali, ingawa tunasikia sentensi hiyo mno. Anayekiuka anafunguliwa kesi.

Wapo wenye nyumba wanaohofu kwamba nyumba ikitambuliwa kuwa ya kihistoria watanyang'anywa. Hapana, kutambuliwa si kunyang'anywa. Tumelisema hili mara nyingi.

Kuhusu ukarabati, tunajua wenye nyumba wana nia njema na fedha ni chache. Lakini saruji juu ya ukuta wa chokaa huufungia unyevu ndani. Plasta hubanduka na ncha za boriti huoza mahali zilipoingia ukutani. Tumia chokaa, na uzungumze na afisa utamaduni wa wilaya kabla fundi hajashika nyundo.

Ukichimba choo ukakuta vigae vya vyungu, shanga au msingi wa ukuta usioujua, simamisha kazi, viache vilivyo, na utoe taarifa kwa uongozi wa eneo lako. Usivioshe.