Disko Halikuzaliwa Studio 54

Taja disko la miaka ya 70 na picha inayowajia watu ni moja: mlango wa klabu ya Studio 54 pale New York, kamba mbele, mastaa wanaingia, wengine wamebaki barabarani wakiomba waonekane. Hadithi hiyo inaniuma, kwa sababu inawapa sifa watu waliofika shughulini chakula kikiwa kimeshapakuliwa.

Dhana: Disko lilianzia Studio 54

Studio 54 ilifunguliwa tarehe 26 Aprili 1977. Miaka saba kabla ya hapo, usiku wa 14 Februari 1970, David Mancuso alikaribisha watu kucheza nyumbani kwake, 647 Broadway, mahali palipokuja kuitwa The Loft. Pombe haikuuzwa. Uliingia kwa mwaliko, ukakuta matunda, vinywaji baridi, maputo kila kona, na spika ambazo klabu nyingi za mjini hazikuwa nazo. Mancuso alikulia kwenye kituo cha watoto yatima, na mtawa aliyewalea alikuwa akiwapambia chumba kwa maputo na kuwapigia santuri wacheze. Aliyewahi kupelekwa disko toto Idi Mosi au Krismasi, nguo mpya mwilini na hela ya soda imekunjwa kiganjani, anaelewa mara moja yule bwana alikuwa anatafuta nini. Waliojaa pale walikuwa Weusi, Walatino, Weupe, wapenzi wa jinsia moja na wasio hao, wengi wao watu ambao kumbi za wakubwa hazikuwa na haja nao.

Na mlango wa Studio 54 haukuwaheshimu hata wenye muziki. Mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1977, Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi la Chic walifika pale kwa mwaliko wa mwimbaji Grace Jones. Majina yao hayakuwa kwenye orodha. Wakafukuzwa, na huku wimbo wao "Dance, Dance, Dance" ulikuwa tayari unachezesha watu kwenye kumbi za mji ule. Walirudi kwa Rodgers, wakashika gitaa na besi, wakaanza kumporomoshea baunsa tusi kwa mdundo. Tusi likaja kusafishwa, likawa kiitikio cha "Le Freak", wimbo uliofika namba moja Marekani Desemba 1978.

Na ile hadithi kwamba Bianca Jagger, mke wa Mick Jagger wakati ule, aliingia Studio 54 juu ya farasi mweupe? Hakuingia amempanda. Farasi alikuwa ndani tayari, akamkalia kidogo, picha ikapigwa. Mwaka 2015 aliliandikia gazeti la Financial Times kulisahihisha jambo hilo.

Dhana: Disko liliua soul

Hapa ndipo ninapotaka watu wasikilize kwa masikio yao wenyewe, wasisubiri kuambiwa. Tafuta "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes, ya mwaka 1973, iliyorekodiwa Philadelphia. Wapigaji ni wa soul, muziki wa hisia wa Wamarekani Weusi; sauti ya Teddy Pendergrass ni ya kanisani, maneno ni ya mtu anayelilia penzi lililomponyoka. Sasa achana na sauti, fuata mpiga ngoma, Earl Young. Ngoma ya mguu inapiga kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka hata moja. Katikati ya kila pigo na pigo, matoazi ya mguu yanafunguka kidogo na kufungwa: tss, tss, tss. Huo ndio mdundo ambao miaka minne baadaye dunia nzima iliuita disko. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa na The Trammps, walioimba "Disco Inferno". Disko ni soul iliyokaa na wachezaji mpaka alfajiri.

Dhana: Afrika ilipokea tu

Mwaka 1972 Cameroon iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Manu Dibango akatunga wimbo wa mashindano. Huyu si mgeni kwa wapenzi wa rumba: alishapuliza saksofoni na African Jazz ya Joseph Kabasele. Wenyeji wakatolewa nusu fainali na Kongo Brazzaville. Lakini upande wa pili wa ile santuri kulikuwa na "Soul Makossa". Mancuso aliiokota kwenye duka la Wakaribea huko Brooklyn, akaipiga The Loft, redio zikaifuata, na 1973 iliingia chati ya Billboard ya Marekani mpaka nafasi ya 35. Kwa hiyo mojawapo ya nyimbo zilizowafundisha watu wa New York kucheza disko ilikuwa ya mwana wa Douala, Cameroon, kabla neno lenyewe halijazoeleka.

Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi. Suruali pana chini tuliyoiita bugaluu ilibeba jina la dansi la Weusi na Walatino wa New York, na ikavaliwa na viatu vya raizoni, vile vya soli nene. Na muziki wa Marekani ulishatufikia hata kabla ya disko: Dar es Salaam muziki wa soul ulipigwa marufuku mwaka 1969 kwa hoja kwamba unaharibu vijana.

Moja la harakaharaka, maana nyumba nyingi bado zinabishana kila Krismasi: sauti nzito ya kiume ya kundi la Boney M kwenye santuri si ya Bobby Farrell, yule mwanamume aliyeonekana jukwaani. Ni ya mtayarishaji wao Mjerumani, Frank Farian. Farrell alicheza, na alicheza kweli.

Dhana: Disko lilikufa usiku mmoja Chicago

Tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa Comiskey Park, mtangazaji wa redio Steve Dahl, aliyelichukia disko, alilipua lundo la santuri katikati ya mechi mbili za besiboli. Kiingilio kilikuwa senti 98 na santuri moja ya disko. Walifika watu 50,000 hivi, wakavamia uwanja, mechi ya pili ikashindikana.

Kampuni za muziki zilianza kulikimbia neno disko, hilo ni kweli. Lakini mwezi uliofuata Chic walikuwa namba moja na "Good Times", na besi yake ndiyo iliyobeba "Rapper's Delight", wimbo ulioipeleka rapu duniani mwaka huohuo. Na Chicago yenyewe, kwenye klabu ya The Warehouse, DJ Frankie Knuckles aliendelea kuzipiga santuri zilezile kila wiki.

Usiku ule uwanjani kulikuwa na kijana Mweusi, Vince Lawrence, akifanya kazi ya kuonyesha watu viti. Amesimulia kwamba santuri nyingi zilizoletwa hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa za wanamuziki Weusi tu. Hela za kazi ile alikuwa akidunduliza anunue kinanda cha umeme. Mwaka 1984 alishiriki kutunga "On and On", mojawapo ya santuri za kwanza kabisa za muziki wa house, mtoto wa disko.